Vidonge, mazungumzo, shoti, ketamini au sumaku: kila tiba ya sonona inaufanya nini mdundo wa ubongo, na uanze na ipi

Mtu akishaambiwa ana sonona anataka kujua kitu kimoja tu, nini kitanitoa hapa. Akiingia mtandaoni anakutana na mambo ya mawimbi ya ubongo, huyu anauza hedifoni za kutuliza mawimbi, yule anasema sumaku inarudisha mdundo, mwingine anasema shoti ya umeme inafuta ubongo kabisa, na mgonjwa wa watu anabaki hajui ashike lipi. Hii kitu inaniuma kwa kweli, maana kuna watu wanaacha vidonge wiki ya pili kwa sababu hawakuambiwa wategemee nini, na kuna wanaokataa tiba ambayo ingewaokoa kwa sababu ya kitu walichokiona kwenye muvi. Kwa hiyo naziweka hizi tiba mbili mbili ubavu kwa ubavu, kila moja inafanya nini kwenye mawimbi, inachukua muda gani, huku kwetu inapatikana vipi, na mimi ningeanza na ipi.

Msimamo wangu nautoa mapema kabisa. Mawimbi ya ubongo hayajafika mahali pa kukuchagulia tiba, mtu akikupima EEG, yaani kile kipimo cha umeme wa ubongo, halafu akakwambia picha inaonyesha wewe ni wa dawa fulani, huyo ameukimbia ushahidi. Ila mawimbi yanakusaidia sana kujua utegemee nini na lini, na hiyo peke yake inatosha kumfanya mtu asikate tamaa katikati ya njia.

Mawimbi yenyewe

Mwaka 1924 huko Jena, Ujerumani, daktari wa akili Hans Berger alinasa umeme wa ubongo wa binadamu kwa mara ya kwanza, akachapisha 1929. Ubongo una seli kama bilioni 86, zinaongea kwa umeme, na EEG inasikia pale tu seli nyingi zinapokwenda pamoja, ni kama wapiga ngoma kwenye harusi, kila mtu akipiga lake ni kelele tu, wakishikana ndio unasikia mdundo. Wa polepole kabisa ni delta, chini ya mara 4 kwa sekunde, huo ni wa usingizi mzito. Theta ni 4 mpaka 8, alfa ni 8 mpaka 12 hivi na inatoka ukifumba macho ukatulia, beta inafika 30 ukiwa macho na shughuli zako, juu ya hapo ni gama.

Kwenye sonona sehemu inayoonekana vizuri zaidi ni usingizi. Kawaida mtu akilala usingizi wa ndoto unaanza baada ya kama dakika 90, kwa wagonjwa wengi wa sonona unawahi, na usingizi mzito wa mwanzo wa usiku unapungua, ndio maana mtu analala masaa lakini anaamka kachoka, au anashtuka saa tisa usiku macho makavu mpaka alfajiri. Mchana alama haziko wazi hivyo. Kulikuwa na tumaini kubwa kwamba tofauti ya alfa kati ya kushoto na kulia mbele ya kichwa ingekuwa kipimo cha sonona, lakini tafiti nyingi zilipojumlishwa pamoja haikusimama kama kipimo cha kumgundua mgonjwa. Kwa hiyo kama kuna mahali wanakutoza hela ya EEG ili waone kama una sonona, hiyo hela kaa nayo. EEG ni muhimu sana kwa kifafa, na daktari anaweza kuitaka kama anashuku kifafa au tatizo jingine la ubongo, hiyo ni sababu halali.

Vidonge au mazungumzo

Hapa ndio karibu kila mtu anaanzia, na ndio sawa.

Vidonge ambavyo wengi tunavipata ni fluoksetini na amitriptilini, zote ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, ni za bei nafuu ukilinganisha na nyingine. Sehemu nyingine utapata setralini au sitalopramu. Kwenye ubongo kitu cha kwanza zinachofanya hakina uhusiano na furaha, zinachelewesha usingizi wa ndoto na kuupunguza, hii inaonekana kwenye EEG ya usiku mapema kabisa, siku za mwanzo tu. Amitriptilini inaukandamiza usingizi wa ndoto na pia inalaza, ndio maana inamezwa usiku. Fluoksetini kwa wengi inachangamsha, ukiimeza jioni unaweza kukesha, kwa hiyo kawaida inamezwa asubuhi. Sasa fikiria mtu anaanza dawa, siku ya tatu usingizi umebadilika, tumbo linavuruga, kinywa kikavu, moyo bado mzito kama jana, anaona hii sumu tu anaacha. Kumbe ubongo umeshaanza kubadilika, hisia ndio zinakuja nyuma, wiki 2 mpaka 4 kwa wengi, wengine mpaka 6.

Na hili la ubongo kutangulia limeonekana. Kule chuo kikuu cha California, Los Angeles, Andrew Leuchter na Ian Cook walikuta kwamba kwa waliokuja kupona na vidonge, kipimo fulani cha theta sehemu ya mbele ya ubongo kilishuka ndani ya wiki ya kwanza hivi, kabla mgonjwa mwenyewe hajajisikia nafuu. Ni jambo zuri sana, lakini halijawa kipimo cha kila hospitali. Na kuna utafiti mwingine mkubwa wa Marekani, EMBARC, ulilinganisha setralini na kidonge kitupu, yaani kisicho na dawa ndani, wakakuta theta ya eneo moja la katikati mbele ikiwa juu kabla ya kuanza basi mtu ana nafasi nzuri ya kupata nafuu, ila angalia hapa, ilikuwa hivyo kwa waliomeza setralini na kwa waliomeza kidonge kitupu pia. Yaani hilo wimbi linakuambia nani ana nafasi nzuri ya kupona, halikuambii atapona kwa tiba ipi. Nikisoma kitu kama hiki ndio napata nguvu ya kuwaambia watu wasilipie EEG ya kuchagua dawa.

Uwezekano wa kupona ukoje? Utafiti wa STAR*D, zaidi ya wagonjwa 4,000 Marekani, kwa dawa ya kwanza kama mtu mmoja kati ya watatu hivi alipona kabisa. Dawa ya kwanza ikigoma maana yake uko na wengi, unarudi kubadilishiwa.

Mazungumzo yenyewe, yaani tiba ya kuongea na mtu aliyefundishwa, kwenye mawimbi hayana kishindo, hayakandamizi usingizi wa ndoto kama vidonge. Lakini matokeo yake ni makubwa na kwetu sisi yana ushahidi wa nyumbani. Uganda, wilaya za Masaka na Rakai, watu wenye sonona waliwekwa kwenye vikundi wakakutana kila wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na watu wa kawaida waliofundishwa wiki 2 tu, hakuna daktari hapo, na matokeo yakachapishwa 2003: waliokuwa kwenye vikundi, wenye vigezo vya sonona walishuka kutoka asilimia 86 mpaka 6.5, na wale ambao hawakuwa kwenye vikundi walitoka 94 wakafika 54.7. Zimbabwe nako daktari Dixon Chibanda na wenzake waliwafundisha wahudumu wa kawaida, wengi wao bibi zetu hao, wakaketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, na ikafanya kazi vizuri. Hizi tafiti mbili ndizo ningependa kila mganga mfawidhi azijue.

Kwa hiyo kati ya hivi viwili: sonona nyepesi au ya kati, na kuna mtu au kikundi cha kuongea nacho kinachoaminika, anza na mazungumzo. Sonona imekaza, huli, huwezi kazi, vidonge na mazungumzo pamoja. Hakuna mazungumzo unakoishi, na ni wengi hali yao ndio hiyo, vidonge peke yake pia ni tiba kamili, usijione umepewa nusu.

Kati ya vidonge vyenyewe, kama mtu ana mawazo ya kujiua mimi nina wasiwasi na amitriptilini, maana ikizidishwa inaua moyo, kwa hiyo ndugu ashike pakiti amgawie dozi kidogo kidogo, au waombe fluoksetini. Wenye shida ya moyo wamwambie daktari kabla. Na vijana chini ya miaka 25 waangaliwe kwa karibu wiki za mwanzo, Marekani waliweka onyo hilo kwenye pakiti, kuna wachache ambao mawazo mabaya yanaongezeka kabla ya nafuu kuja.

Kuacha ghafla pia mawimbi yanakueleza. Usingizi wa ndoto uliokandamizwa miezi unarudi kwa fujo, ndoto kali, jinamizi, mtu anasema ugonjwa umerudi au amerogwa, kumbe ni dawa imekatwa ghafla. Inapunguzwa polepole. Fluoksetini inakaa mwilini muda mrefu kwa hiyo inasumbua kidogo ukisahau dozi moja, nyingine hazina uvumilivu huo.

Shoti au ketamini

Hizi ni za watu ambao vidonge vimegoma au hali ni ya dharura, na hapa ndipo mawimbi yanabadilika kwa nguvu kuliko kote.

Shoti ilianza Roma mwaka 1938, Ugo Cerletti na Lucio Bini. Inavyofanyika leo mgonjwa anapewa dawa ya usingizi, ile nusu kaputi fupi, na dawa ya kulegeza misuli, halafu umeme kidogo unapitishwa kichwani kuamsha degedege ya makusudi, mara nyingi haifiki dakika moja au inazidi kidogo. Mwili hautikisiki sana kwa sababu misuli imelegezwa, daktari anaangalia EEG kwenye mashine: kwanza mawimbi ya haraka, kisha makubwa yenye ncha yakifuatana na ya polepole, halafu mstari unalala karibu bapa. Huo ubapa wa ghafla ni alama nzuri, unaonyesha ubongo wenyewe umeizima ile degedege. Kawaida mara 2 au 3 kwa wiki, jumla 6 mpaka 12.

Na kadiri unavyoendelea, mawimbi ya mchana yanakuwa mazito, delta na theta zinaongezeka hasa mbele ya kichwa, mtu yuko macho lakini sehemu ya ubongo inapiga mdundo wa polepole. Hapo ndipo tiba na madhara vinapokutana. Tafiti zimekuta uzito wa mbele unakwenda pamoja na nafuu, na uzito wa upande wa kushoto kwenye paji na kando unakwenda pamoja na kusahau mambo ya zamani. Uzito huo unaondoka wiki na miezi baada ya kumaliza, na kumbukumbu kwa wengi inarudi vizuri, ila kuna matukio ya miezi ya karibu na tiba ambayo mtu anaweza asiyapate tena, ni haki yake kuambiwa kabla. Kuweka umeme upande wa kulia tu kunapunguza kusahau.

Ketamini ni habari nyingine. Ni dawa ya usingizi ya siku nyingi, iko tieta karibu kila hospitali yetu ya upasuaji. Kwa sonona wanatoa kidogo, miligramu 0.5 kwa kilo ya uzito, ndani ya mshipa kwa dakika 40. Wakati inaingia gama inapanda na alfa inashuka, inavyoelezwa ni kwamba dawa inazuia kwanza seli zinazowashikia breki wenzao, breki ikilegea nyingine zinafyatuka, mgonjwa anajiona kama ametoka nje ya mwili, presha inapanda, halafu inaisha ndani ya saa moja au mbili. Usiku wake mawimbi mazito ya usingizi yanaongezeka, yale yale yaliyokuwa yamepungua, na nafuu inaweza kuja ndani ya masaa, kufika kilele kesho yake. Kwa mtu anayewaza kufa leo hiyo ni zawadi kubwa. Shida, dozi moja inaisha kama ndani ya wiki, inabidi kurudia, na kurudia sana kuna hatari ya uraibu na kuharibika kibofu. Marekani waliidhinisha esketamini ya kupuliza puani Machi 2019, na mgonjwa haruhusiwi kuchukua nyumbani, anapulizia mbele ya mhudumu na anakaa masaa 2 akiangaliwa.

Ipi sasa? Mwaka 2023 Marekani walichapisha utafiti wa wagonjwa 403 walioshindwa na vidonge, ila wasio na dalili za kuchanganyikiwa, kama kusikia sauti zisizokuwepo, nusu ketamini nusu shoti: waliopata nafuu ya kutosha walikuwa asilimia 55.4 kwa ketamini na 41.2 kwa shoti, na wa ketamini kumbukumbu zao zilibaki vizuri zaidi. Mtu anasoma hapo anasema basi shoti imekufa. Hapana. Utafiti huo uliwaacha nje wenye dalili za kuchanganyikiwa, na kuna watu ambao shoti bado inawafaa kuliko kitu kingine chochote, mgonjwa anayesikia sauti zinamwambia afe, aliyeganda, hali chakula wala hanywi, wazee wenye sonona nzito, hata mjamzito aliye hatarini. Hao wakikosa shoti wanaweza kufa, na nasema hivyo kwa uzito wote. Kwa hiyo sonona sugu bila kuchanganyikiwa, na kuna daktari wa akili na wa usingizi wanaosimamia, ketamini inaweza kutangulia. Kuchanganyikiwa, kuganda, kutokula, shoti.

Kuna mambo mawili ya shoti ambayo ndugu lazima wayashike. La kwanza, ulizeni kabla, mnatumia nusu kaputi na dawa ya kulegeza misuli? Jibu likiwa hapana, msikubali, Shirika la Afya Duniani linapinga shoti ya hivyo na sababu iko wazi, mtu anaumia, anaweza kuvunjika mfupa. La pili, shoti inainua, haishikilii. Utafiti wa Marekani wa 2001 ulionyesha waliopona kwa shoti wakapewa kidonge kitupu, asilimia 84 walirudiwa ndani ya miezi 6, waliopewa dawa mbili pamoja, notriptilini na lithiamu, ni 39. Kwa hiyo anayetoka wodini baada ya shoti atoke na dawa mkononi na tarehe ya kliniki.

Sumaku

Anthony Barker wa Sheffield, Uingereza, alionyesha 1985 kwamba sumaku ya kuwasha na kuzima haraka juu ya fuvu inaweza kuamsha umeme ndani ya ubongo bila kufungua kichwa. Marekani wakaikubali kwa sonona 2008. Hii ndiyo tiba pekee hapa ambayo mdundo wenyewe ndio dozi. Ya kawaida inapiga mara 10 kwa sekunde juu ya paji upande wa kushoto, yaani mdundo wa alfa, mtu amekaa kwenye kiti macho wazi, karibu dakika 40, siku 5 za wiki, wiki 4 mpaka 6. Ya kisasa zaidi inapiga vishindo vitatu vya haraka sana, kasi ya gama, na kuvirudia mara 5 kwa sekunde, kasi ya theta, inaisha dakika 3 tu. Kanada walizilinganisha kwa wagonjwa 414, wakachapisha 2018, ya dakika 3 haikuzidiwa: waliopata nafuu asilimia 49 kwa 47, waliopona kabisa 32 kwa 27.

Kuna jambo linalonivutia sana hapa, kila mtu ana kasi yake ya alfa, mwingine 9 mwingine 11, na tafiti kadhaa zimekuta ambao alfa yao ya asili iko karibu na 10 wanafaidika zaidi na sumaku ya 10. Kama kuna siku EEG itatumika kupanga dozi kwa kila mgonjwa, mimi naamini itaanzia hapa.

Haisahaulishi, haihitaji nusu kaputi, hatari ya degedege ni chini ya mtu 1 kwa 1,000. Mwenye chuma kichwani au kifaa kilichopandikizwa sikioni hafai. Kizuizi kikubwa kwetu ni mashine, usitegemee kuikuta hospitali ya wilaya, na hata penye mashine gharama ni kubwa halafu unatakiwa kwenda karibu kila siku mwezi mzima, nauli peke yake inaweza kumshinda mtu. Ukiwa Ulaya, Marekani au nchi za Ghuba na bima yako inalipa, na vidonge viwili vimegoma, iombe. Ukiwa Kigoma au Kitui, usiuze shamba kufuata sumaku wakati hujamaliza dozi kamili za fluoksetini kwa wiki 6 wala hujakaa na mshauri hata mara moja.

Hedifoni za mawimbi ushahidi wake ni dhaifu, na kwa mgonjwa wa sonona nzito hatari yake kubwa ni kumchelewesha. Kukesha usiku mzima makusudi nako kuna watu wanakusikia, ni kweli, Wajerumani wa Tübingen waliliandika 1971, kama nusu ya wagonjwa wanaamkia nafuu asubuhi, halafu wakilala usiku unaofuata wengi inarudi. Usifanye nyumbani, hasa kama una kifafa au kuna vipindi unapanda sana, huli hulali unaongea haraka unatapanya hela. Na mwenye vipindi hivyo amwambie daktari hata kabla ya kidonge cha kwanza, kwa sababu vidonge vya sonona peke yake vinaweza kumpandisha, anahitaji dawa tofauti.

Jingine la kumwambia daktari ni diazepamu, maana watu wengi wanaimeza kwa usingizi bila kuihesabu kama dawa. Kwenye EEG inaongeza beta na kupunguza mawimbi mazito ya usingizi, kwa hiyo unalala lakini si usingizi ule uliokuwa umeukosa, inafanya degedege ya shoti iwe ngumu kuamka, na kuna dalili kwamba inapunguza nguvu ya sumaku. Dawa za kifafa kama kabamazepini nazo zinaizuia ile degedege ya shoti. Usiziache mwenyewe ghafla, hiyo inaweza kukuletea degedege ya kweli, andika tu majina yote ya unachomeza pamoja na miligramu zake, na za kienyeji pia, umpe kabla hajaandika chochote.